Kuongeza Vyumba kwenye Nyumba ya Familia ya Zamani: Mbele, Ubavuni au Uani? Mwongozo Kamili wa Kuchagua

Kila masika yakiisha naitwa kwenye nyumba tatu nne, na ninayoyakuta ni yale yale. Ufa ulionyooka kama kamba pale ukuta mpya unapokutana na wa zamani. Bati linavuja kwenye maungio, ndoo iko chini yake. Korido iliyokuwa ikipitisha upepo toka barazani hadi uani sasa inawashwa taa saa sita mchana. Wenye nyumba hawa si wazembe. Walinunua saruji nzuri na wakampa kazi fundi anayejua kujenga. Kosa lilifanyika kabla ya tofali la kwanza, walipochagua mahali pa kuongeza bila kupima chochote.

Mwongozo huu ni wa uamuzi huo. Nimeuandikia nyumba ya Kiswahili ya chini tunayoijua wote: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu kila upande, mlango wa nyuma, kisha ua wenye jiko, bafu na choo. Magomeni, Ilala, Temeke, Tanga mjini na Morogoro ziko nyingi, na nyingine zina wajukuu wa waliozijenga. Kama nyumba yako iko Mji Mkongwe wa Unguja, ambao ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000, anza kwanza na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, maana huko taratibu ni nyingine kabisa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Vya kupimia:

- Tepu ya mita 5, na ndefu zaidi ukiweza kuazima
- Mpira wa maji unaoonyesha ndani, mita 10, wa kupimia usawa
- Kamba na vigingi kama 12
- Nondo ya milimita 12, urefu wa mita 1.2, ncha moja imechongwa
- Koleo na sululu
- Penseli, na daftari la hesabu lenye miraba
- Khanga au mashuka manne matano ya zamani

Karatasi: hati au leseni ya makazi, au mkataba wa mauziano kama ndicho mlicho nacho, ramani ya kiwanja, na kama mwenye nyumba ametangulia mbele ya haki, barua ya mahakama ya kumteua msimamizi wa mirathi.

Na muda. Jipe wiki mbili za kupima, na moja kati ya hizo iwe na mvua. Ukipima kiangazi kitupu, nusu ya ukweli wa nyumba hutauona.

## Hatua ya 1: Andika shida, usiandike chumba

Keti na wote wenye haki kwenye nyumba hiyo, walio mbali wapigiwe simu. Muulize kila mmoja nini kinamsumbua, uandike kwa maneno yake. "Tunahitaji vyumba viwili" hilo ni jibu, siyo shida. Shida ni hizi: mama haoni vizuri, na choo kiko mwisho wa ua, usiku anaogopa kuanguka. Vijana wa kiume wamekua na wanalala sebuleni. Tunataka chumba cha kupangisha kilipe ada za shule.

Nalisisitiza hili kwa sababu shida tofauti zinadai majengo tofauti. Mama anayeogopa giza la ua hahitaji chumba kipya. Anahitaji bafu la mita 1.5 kwa mita 2 lililogusana na chumba chake. Mpangaji anahitaji mlango wake. Vijana wanahitaji nafasi ya kuchelewa kurudi bila kuamsha nyumba nzima.

Onyo: Kama nyumba ni ya urithi na haijagawanywa, usichimbe hata shimo moja kabla ndugu wote hawajaweka sahihi kwenye karatasi inayosema nani anajenga, kwa pesa ya nani, na chumba kitakuwa cha nani. Nimeona chumba kizuri kikikaa miaka bila bati kwa sababu ya maneno ambayo yangeandikwa kwa nusu saa.

Utajua umefanikiwa ukiwa na ukurasa mmoja wenye shida zisizozidi tatu, zilizopangwa kwa uzito, na sahihi chini yake.

## Hatua ya 2: Jua ukuta wako umetengenezwa na nini

Lipu ya saruji inaficha mengi. Nyumba nyingi zinazoonekana za tofali ni udongo na fito zilizopigwa lipu miaka ya baadaye. Nenda stoo au nyuma ya kabati, sentimita 30 juu ya sakafu, ubandue lipu kiasi cha kiganja. Ukikuta udongo mwekundu na miti, una nyumba ya fito. Ukikuta kijivu kigumu kinachokataa msumari, ni tofali la saruji.

Tofauti hii ndiyo inayoamua mambo mengi huko mbele. Ukuta wa fito unabeba paa lake na basi. Haubebi paa la pili, hautobolewi mlango mpya kirahisi, na ukichimba msingi karibu na mguu wake unaweza kudidimia. Ukuta wa saruji uliojengwa juu ya msingi unavumilia zaidi.

Kisha zunguka nyumba nzima ukitafuta nyufa. Kila ufa, weka alama ya penseli kwenye ncha zake mbili na uandike tarehe pembeni. Mvua zikipita, rudi. Ufa uliovuka alama una maana ardhi bado inatembea, na hapo mwite mhandisi kabla hujatumia shilingi nyingine.

Angalia na paa. Kama ni yale mabamba mazito ya kijivu ya zamani yanayoitwa asbesto, usiyakate, usiyatoboe wala usiyavunje. Vumbi lake linaharibu mapafu, na ugonjwa hutokea miaka mingi baadaye. Muone ofisa mazingira wa halmashauri akuelekeze namna ya kuyaondoa.

## Hatua ya 3: Tafuta vilivyozikwa

Chora kiwanja kwenye daftari: mraba mmoja ni nusu mita. Weka nyumba, mpaka, bikoni kama zipo, miti, mita ya maji, nguzo na waya wa umeme, chemba, na karo la maji machafu. Kazi hii ni ya saa moja.

Kazi ya pili inahitaji mzee. Katika nyumba ya miaka 50 choo hakijakaa sehemu moja. Shimo lilijaa, likafukiwa, likachimbwa jingine pembeni. Vijana hawajui. Nilikwenda nyumba moja Temeke, kijana ameshashusha tofali uani tayari kwa msingi. Bibi yake alikuwa ameketi kwenye mkeka akichambua mchele. Akanyoosha mkono bila kusimama: "Hapo mwanangu palikuwa na choo cha kwanza, baba yako alikuwa bado anatambaa." Tukachukua nondo. Kila tulipochoma uani iligota kwenye sentimita 30 au 40. Pale alipoonyesha bibi iliingia mpaka ngumi yangu ikagusa ardhi, na ilipotoka ncha ilikuwa nyeusi na inanuka.

Kwa hiyo muulize mzee kwanza, kisha choma nondo kila baada ya nusu mita sehemu yote unayofikiria kujenga. Inapozama ghafla, chora duara kwenye ramani yako.

Onyo: Chumba hakikai juu ya shimo la choo, jipya wala lililofukiwa. Hakikai hata ukingoni. Kipimo changu ni kusogea mbali na ukingo kwa urefu unaolingana na kina cha shimo: la mita 3, sogea mita 3. Kiwanja kikikosa nafasi hiyo, shimo lizibuliwe na kujazwa upya kwa maelekezo ya mhandisi, au ubadilishe mahali. Takataka na matawi yaliyotupwa humo huoza na kushuka mwaka hadi mwaka, na msingi hushuka nayo.

Chimba pia shimo moja la majaribio, kina cha mita moja, pale panapoonekana kufaa. Mchanga au udongo mwekundu mgumu ni habari njema. Udongo mweusi unaonata mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi huvimba na kusinyaa, na msingi wa kawaida hauuwezi.

## Hatua ya 4: Fuata maji wakati wa mvua

Mvua ikinyesha toka nje na mwavuli. Ndiyo, wakati inanyesha. Tazama maji ya bati yanaangukia wapi, yanapita wapi, yanatokea wapi. Chora mishale kwenye ramani.

Halafu piga hesabu hii, ni rahisi: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Upande wa nyuma wa paa la nyumba ya kawaida ni kama mita za mraba 45. Mvua ya milimita 50 inamwaga uani lita 2,250. Ongeza chumba chenye bati la mita za mraba 18, hizo ni lita 900 zaidi, na wakati huohuo umeufunika ule udongo uliokuwa unayanywa maji. Ua umepungua, maji yameongezeka. Ndiyo maana watu wanajenga chumba kipya halafu maji yanaanza kuingia kwenye vyumba vya zamani ambavyo havikuwahi kuingiwa.

Kama huoni njia ya maji hayo kutoka, kwenye gata na tanki au kwenye mfereji unaofika barabarani bila kupita kwa jirani, eneo hilo limeshakataliwa na mvua.

## Hatua ya 5: Pima ukingo wa paa

Hiki ndicho kipimo ambacho karibu kila aliyeniita hakukifanya.

Simama nyuma ya nyumba. Pima kutoka usawa ambapo sakafu mpya itakaa hadi chini ya ukingo wa bati. Nyumba nyingi za zamani utapata mita 2.4 hivi, nyingine chini ya hapo. Sasa, bati la migongo la kawaida linataka mteremko. Mimi sishuki chini ya sentimita 18 kwa kila mita, maana likilazwa zaidi ya hapo maji husimama na kurudi nyuma kwenye misumari na maungio.

Chumba cha mita 3, ukijumlisha ukuta wa nje na bati linalotokeza, ni mita 3.3. Mara sentimita 18, ni sentimita 59. Toa kwenye mita 2.4, unabaki na mita 1.81. Mtu mrefu anagonga kichwa.

Fundi akifika hapo ana njia mbili za haraka, zote mbaya. Analaza bati, linavuja. Au anachimba sakafu ishuke, na chumba kinakuwa bwawa.

Sasa jaribu na bafu la mita 1.5. Ukijumlisha ukuta, mita 1.8 mara sentimita 18 ni sentimita 32. Unabaki na mita 2.08 upande wa chini. Ni padogo lakini panafaa, mlango ukiwekwa upande wa juu. Paa lenyewe limekuambia linakubali kurefushwa kwa kitu chembamba tu: bafu, stoo, kibaraza cha kupikia.

Utajua umefanikiwa ukiweza kumwambia fundi namba mbili bila kusita: urefu wa ukingo wa paa, na kina kikubwa kabisa cha chumba ambacho ukingo huo unaruhusu.

## Hatua ya 6: Linganisha machaguo

### Kupanga upya ndani

Anza hapa, hata kama moyo unataka tofali. Stoo iliyojaa vitu vya miaka 20 ni chumba. Sebule isiyokaliwa ni chumba. Kubomoa ukuta wa ndani ndiyo hatari pekee: kwenye nyumba hizi kuta za ndani mara nyingi zimebeba mbao za paa, kwa hiyo mtu apande darini aangalie kwanza.

### Kuziba baraza

Linavutia kwa sababu paa lipo na sakafu ipo. Lakini sakafu ya baraza kwa kawaida ni jamvi lililomwagwa juu ya kifusi, halina msingi wa kubeba ukuta. Vyumba viwili vya mbele vinapoteza madirisha yao. Na mbele ndiko kwenye hifadhi ya barabara. Kama nyumba jirani zina alama ya X nyekundu ya kubomolewa, wewe usiongeze kitu upande huo.

Kuna jambo jingine, na ninalisema kwa uzito. Baraza ndipo wazee wanapokaa jioni, ndipo msiba unapopokelewa, ndipo watoto wanapofanyia kazi za shule kwa mwanga wa bure. Mkitaka duka, zibeni upande mmoja tu, nusu ukuta na nusu grili, mwingine muuache.

### Ubavuni

Linafaa kiwanja cha kona au chenye nafasi kubwa pembeni. Kwingine sipendekezi. Ukuta mpya ubavuni unaziba madirisha ya vyumba vitatu kwa mpigo, na unafunga njia ya kuzibua chemba. Ibakishe njia ya kupita mtu na toroli, isipungue mita 1.2, na bati lisimwage maji kwa jirani.

### Nyuma, kwa kuungana na nyumba

Hapa ndipo wengi wanapokimbilia. Linafaa mambo matatu yakikutana: ukuta wa zamani ni wa saruji, ukingo wa paa uko juu ya kutosha, na sehemu mpya haizibi mlango wa korido. Kwa bafu la mama ni chaguo zuri sana.

Kwa chumba kizima, tazama korido. Mlango wa uani ndio pua ya nyumba. Pwani yetu inapokea kusi katikati ya mwaka na kaskazi toka Desemba hadi Machi, na nyumba ya Kiswahili ilipangwa upepo uingie upande mmoja utokee wa pili. Ukiweka chumba mwisho wa korido umeziba pua hiyo, na vyumba sita vinalala na joto kwa ajili ya kimoja.

### Banda la uani

Ni vyumba vilivyojengwa peke yake pembeni mwa ua, vikiegemea upande mmoja wa mpaka, vikiachana na nyumba kubwa kwa njia ya mita 1.2 au zaidi, iliyoezekwa kwa bati jepesi juu ya nguzo zake.

Kwa nyumba ya fito, hili ndilo chaguo langu bila kusita. Kwa nyumba ya saruji yenye ukingo mfupi wa paa, pia. Banda lina msingi wake, likishuka kidogo linashuka peke yake. Lina paa lake, unalipa mteremko unaotaka. Halimnyimi mtu dirisha. Vijana wana mlango wao, mpangaji ana wake, na kama siku moja nyumba kubwa itajengwa upya, banda linabaki limesimama na watu wana pa kulala.

Watu wanakataa kwa kusema linakula ukuta wa nne. Tuhesabu. Chumba cha mita 3 kwa 3.6, kuta nne za tofali la inchi 6 lililosimamishwa, urefu mita 2.7, ukitoa mlango mmoja na madirisha mawili, ni tofali 310 hivi. Msingi wa kozi nne za kulaza utaongeza zaidi ya 120. Ukuta wa nne unaouokoa kwa kuegemea nyumba ya zamani ni kama tofali 95 za juu, na sehemu yake ya msingi. Hiyo ndiyo akiba yote. Ilinganishe na gharama ya kubomoa ukuta wa fito uliopasuka huku watu wamelala ndani.

## Hatua ya 7: Ijenge kwa kamba na khanga

Piga vigingi kwenye kona za chumba unachokifikiria, funga kamba usawa wa kichwa, tundika khanga na mashuka pande zote. Acha siku tatu, ikiwezekana wiki.

Ingia koridoni saa saba mchana, milango ya vyumba imefungwa, ujaribu kusoma gazeti. Keti chumba cha nyuma usiku uone kama pazia bado linatikisika. Mwache anayepika apike, anayefua afue na kuanika, mtoto akimbie. Mama atembee kutoka kitandani hadi choo kipya kitakapokuwa, gizani, ukimshika mkono, uhesabu hatua na vizingiti.

Familia moja Ilala ilikuwa imeshakubaliana kuunganisha chumba nyuma. Siku ya pili ya khanga, dada mkubwa alisema hajui ataanika wapi nguo za watoto. Siku ya tatu kaka yake alihamisha vigingi mwenyewe, akavipeleka pembeni mwa ukuta wa mpaka. Hakuna fundi aliyewashawishi.

Utajua umefanikiwa wote wakiacha kuzunguka khanga kwa hasira na kuanza kupita kana kwamba chumba kilikuwepo siku zote.

## Hatua ya 8: Kibali

Tanzania ujenzi mjini unahitaji kibali cha halmashauri, na kuongeza chumba ni ujenzi. Anzia serikali ya mtaa, kisha ofisi ya mipango miji ukiwa na mchoro wa msanifu na karatasi za umiliki. Uliza umbali unaotakiwa kutoka mpakani na barabarani kwa eneo lako, na uombe uandikwe. Mjulishe jirani unayepakana naye kabla hajaona mchanga ukishushwa.

Waya wa umeme ukipita juu ya sehemu unayotaka kujenga, usipandishe ukuta hadi wenye waya waje wauhamishe.

## Hatua ya 9: Pale vipya vinapokutana na vya zamani

Msomee fundi sehemu hii mkiwa mmesimama pamoja mahali penyewe.

Msingi. Fukueni kidogo kando ya ukuta wa zamani mjue msingi wake umeishia wapi. Mtaro mpya ulio karibu usishuke chini ya hapo. Mkihitaji kwenda chini zaidi, sogeeni mbali: kila sentimita 10 za kina, sentimita 10 za umbali, au zaidi. Mkilazimika kuchimba sambamba na ukuta, chimbeni mita moja, rukeni mita moja, jazeni zege, kisha mrudi kwenye mlizoruka. Mtaro usilale wazi mvua inapotarajiwa.

Ukuta. Msing'ate tofali jipya kwenye ukuta wa zamani. Jengo jipya litashuka kidogo, ni kawaida, na la zamani lilishamaliza kushuka. Acheni mwanya wa sentimita 1 hadi 2 toka msingi hadi juu, mweke kipande cha povu jeupe gumu, nje mzibe kwa silikoni inayovutika, ndani mfunike kwa ubao uliopigiliwa upande mmoja tu. Pakizibwa kwa saruji patapasuka.

Sakafu. Iwe juu ya ua kwa sentimita 15 au zaidi. Chini ya jamvi tandikeni nailoni nzito kuzuia unyevu. Kama mama au mtu wa kiti cha magurudumu atapita, wekeni mteremko laini badala ya kizingiti, na mlango wa sentimita 90.

Zege. Moja saruji, mbili mchanga, nne kokoto kwa linta na nguzo. Mchanga wa baharini hapana kabisa, chumvi yake inaila nondo kwa ndani. Mwagilieni maji siku 7 mfululizo, asubuhi na jioni. Mbao chini ya linta mimi naziacha siku 14.

Paa. Kenchi mpya zikae juu ya kuta mpya. Kwenye nyumba ya fito, hata mbao moja isiegemee ukuta wa zamani. Pale mnaporefusha bati la zamani, jipya liingie chini yake si chini ya sentimita 20, na mbao ya kulibeba iwe na nguzo zake.

Umeme. Chumba kipya kipate laini yake na swichi yake ya kukata kutoka kwenye bodi. Kuvuta waya toka soketi ya chumba jirani huchoma nyumba. Kazi hii afanye fundi umeme mwenye leseni.

## Hatua ya 10: Anza Juni

Dar es Salaam na pwani, masika huisha Mei na vuli huanza Oktoba. Msingi ukichimbwa Juni, bati linaweza kuwa juu kabla ya vuli. Ukianza Februari utamwagilia zege kwa mvua ya Machi huku mtaro umejaa maji.

Mlipe fundi kwa hatua iliyokamilika: msingi, kuta hadi linta, paa, lipu. Bakiza sehemu ya kumi ya ufundi hadi mvua kubwa ya kwanza ipite, na mkubaliane hivyo kwa maandishi mwanzoni ili asijione anadhulumiwa. Kila hatua piga picha za nondo, mabomba na msingi kabla havijafunikwa.

Mvua hiyo ya kwanza ikija, fanya ziara ile ile ya hatua ya 4, mwavuli mkononi. Pitisha kiganja kwenye ukuta wa zamani karibu na sakafu, uone kama ni mkavu. Tazama juu kwenye maungio ya bati. Nenda kwenye alama zako za penseli zenye tarehe, usome kila moja. Kisha simama katikati ya korido, mlango wa mbele na wa uani wazi, usikilize kama upepo bado unapita.